Kamera za Kificho Nyumbani: Mfanyakazi Ajue Nini



Jumamosi moja alifika ofisini kwetu mama mmoja wa makamo, mwanachama wa miaka mingi, ambaye kazi yake ni yaya katika nyumba moja hapa Kampala. Alikuwa amefunga kitu ndani ya leso. Alipofungua tuliona chaja ya simu, ile nyeupe ya kuchomeka ukutani ambayo kila mtu anayo. Tukamwuliza, "Mama, hii ina nini?" Akasema, "Itazameni pale mbele." Tukaitazama. Juu ya tundu la waya palikuwa na kitundu kingine kidogo kama kichwa cha pini, na ndani yake kioo. Ilikuwa kamera. Ilichomekwa katika chumba anacholala yeye pamoja na watoto wawili wa tajiri wake, ikaelekezwa kitandani. Kwa muda asioujua, mama huyu alikuwa akivua na kuvaa nguo mbele ya kitu kile.

Habari hii si ya mama huyu peke yake. Wanachama wetu wa hotelini, wa madukani na wa majumbani wametuuliza maswali ya namna hiyo mara nyingi, na majibu tuliyokuwa tukiwapa yalikuwa mafupi mno. Basi tumeona yafaa tueleze katika kurasa hizi kamera hizo ni kitu gani, zinafanyaje kazi, sheria zasemaje, na mfanyakazi afanye nini akiikuta. Wala hatutaficha kwamba ndani ya kamati yetu wenyewe tulibishana juu ya jambo hili hadi giza likaingia.

KITU CHENYEWE

Zamani kumpiga mtu picha kwa siri ilikuwa kazi ya mashushushu wa serikali. Kamera ilitaka filamu, filamu ilitaka kusafishwa, na mashine yenyewe ilikuwa na sauti. Mambo yalibadilika katika miaka ya 1990, pale wahandisi wa maabara ya anga ya Marekani iliyoko California, wakiongozwa na Eric Fossum, walipotafuta kamera nyepesi ya kupeleka angani. Walitengeneza kipande kimoja kidogo chenye uwezo wa kunasa mwanga na kuugeuza kuwa umeme, pamoja na mitambo yake yote mahali pamoja. Leo kipande cha namna hiyo kimo ndani ya kila simu yenye kamera. Kwa kuwa simu hutengenezwa kwa mamia ya mamilioni kila mwaka, bei yake imeporomoka, na kamera ya kificho sasa hununuliwa kwa fedha ambazo mara nyingi hazifiki mshahara wa mwezi mmoja wa yaya. Kwa hiyo aliyekuwa hawezi kumwajiri askari wa kulinda nyumba anaweza leo kuweka jicho katika kila chumba.

Kamera yoyote, hata iwe ndogo namna gani, ina mahitaji matatu, na mfanyakazi akiyajua hayo matatu amejua nusu ya habari.

La kwanza ni kuona. Lazima pawepo tundu na kioo chake, na lazima tundu hilo litazame kile kinachotafutwa. Kamera haioni kupitia ubao wala kupitia ukuta. Ndiyo maana hufichwa ndani ya vitu ambavyo ni kawaida kukaa juu au kutazama chumba kizima: saa ya ukutani, kitambua moshi cha darini, balbu, fremu ya picha, redio, mwanasesere wa mtoto.

La pili ni umeme. Betri ndogo inayoweza kuingia ndani ya kalamu au kifungo cha shati huisha baada ya saa chache tu. Mtu anayetaka kutazama siku nzima, kila siku, hana budi kuichomeka kamera kwenye umeme wa nyumba. Kwa hiyo zile za kudumu hukaa ndani ya vitu vyenye waya au vinavyochomekwa: chaja, soketi, taa ya mezani, kisanduku cha televisheni.

La tatu ni mahali pa kuweka picha. Nyingine huandika katika kadi ndogo ya kumbukumbu kama ile ya simu, na kadi ikijaa hufuta picha za zamani na kuandika mpya juu yake. Nyingine hurusha picha kupitia intaneti ya nyumba hadi katika simu ya tajiri, naye akiwa kazini au safarini humtazama mfanyakazi saa ileile. Nyingi hazichukui picha wakati wote, bali hungoja kitu kisogee mbele yao ndipo zianze. Nyingi pia hunasa sauti, jambo ambalo watu husahau. Yaya anayezungumza na mama yake kwa simu akiwa anapiga pasi anasikilizwa na mtu ambaye hakuitwa katika mazungumzo hayo.

Usiku kamera hizi hutumia mwanga wa infraredi, ambao jicho la mtu haliuoni, au huuona kama wekundu hafifu sana. Chumba kikiwa giza kabisa kwako, kwa kamera ni cheupe.

YALIYOTOKEA KAMPALA MWAKA 2014

Sasa tuseme lile ambalo wafanyakazi wengi hawapendi lisemwe. Mwezi wa Novemba 2014, hapa hapa Kampala, baba mmoja aliona alama za kupigwa mwilini mwa mwanawe wa mwaka mmoja na nusu. Akaweka kamera ya siri nyumbani. Kamera ikamwonyesha yaya akimlazimisha mtoto kula, akimwangusha chini, akimpiga na kumkanyaga. Picha zile zilienea katika intaneti na kuonekana na watu wengi sana katika nchi nyingi. Yaya alikiri kosa mahakamani, na Desemba mwaka huohuo alihukumiwa kifungo cha miaka 4.

Sisi ni chama cha wafanyakazi, lakini hatuwezi kusimama mbele ya watu tukasema kamera ile ilikuwa kosa. Mtoto wa umri ule hana kinywa cha kumshtakia mtu. Baba aliona alama, akashuku, akatafuta ushahidi, akaupata. Mwenzetu mmoja katika kamati, naye ni yaya wa miaka 20, alisema, "Mtoto yule angekuwa wangu ningeweka kamera kumi." Hakuna aliyembishia.

Ubishi ulianza pale mwingine aliposema kwamba, kwa kuwa ile ya 2014 ilikuwa halali, basi kila tajiri mwenye mtoto ana ruhusa ya kuweka kamera popote atakapo na kunyamaza. Hapo ndipo tulipogawanyika, na tulichukua muda kuona tofauti iko wapi. Baba yule alikuwa na sababu aliyoiona kwa macho, juu ya mtu maalumu, kwa jambo zito. Tajiri wa mama aliyekuja na leso hakuwa na alama yoyote mwilini mwa watoto wake. Alikuwa na hofu tu, na hofu hiyo ameipata kwa kuona picha za mtu mwingine. Mama yule amewalea wale watoto tangu kuzaliwa.

Tena kuna jambo jingine katika habari ya 2014 ambalo halisemwi. Kamera ilitoa ushahidi, lakini haikumkinga mtoto na kipigo kile ilichokionyesha. Ilikinasa kikitokea. Kinachomkinga mtoto ni yaya aliyechaguliwa kwa uangalifu, aliyelala usingizi wa kutosha, anayelipwa kwa wakati, na mzazi anayefika nyumbani mapema na kuzungumza na yaya wake. Hatusemi kwamba uchovu unamsamehe mtu kumkanyaga mtoto. Twasema kwamba tajiri anayenunua kamera na huku anamwamsha yaya saa kumi na moja alfajiri na kumlaza saa tano usiku, amenunua kitu kidogo akaacha kikubwa.

SHERIA ZASEMAJE

Hapa Uganda, Katiba ya 1995, kifungu cha 27, inakataza kuingiliwa faragha ya mtu, ya nyumba yake, ya mawasiliano yake na ya mali yake. Mwaka 2019 ikapitishwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa na Faragha, na kanuni zake zikatoka 2021. Kwa sheria hiyo picha yako ni taarifa yako. Anayeikusanya anatakiwa akueleze kwamba anaikusanya na kwa ajili gani, achukue ile anayoihitaji tu, asiitumie kwa jambo jingine, na ailinde. Wewe nawe una haki ya kuomba kuiona. Sheria ina nafasi zake za kuachiwa, mojawapo ikiwa ni kuzuia au kupeleleza uhalifu, na hapo ndipo baba wa 2014 angesimama kama sheria hii ingekuwapo wakati wake.

Jirani zetu nao wamefika. Kenya ina sheria yake ya 2019, na Katiba yake ya 2010 inalinda faragha katika kifungu cha 31. Rwanda ilitunga yake mwaka 2021. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Wasiodhani kwamba sheria hizi zina meno watazame Nairobi: mwezi wa Septemba 2023 Kamishna wa Kenya alilitoza baa moja faini ya shilingi 1,850,000 kwa kutangaza picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Kama mteja aliyekwenda kunywa ana haki hiyo, je, mfanyakazi aliyelala?

Tajiri atajibu, "Hii ni nyumba yangu." Jibu hilo lina nguvu, tusilidharau. Sheria ya Kenya, kwa mfano, haigusi mambo ya mtu binafsi na ya nyumbani kwake tu, na mawakili wa matajiri watang'ang'ania maneno hayo. Sisi twasema hivi: nyumba ile ni nyumba kwake, lakini kwetu ni mahali pa kazi. Mtu akishamwajiri mwenziwe kwa mshahara na kumpa amri, na kisha akaweka mashine ya kumchunguza katika kazi hiyo, hilo si jambo la nyumbani tu tena, ni jambo la kazi. Mahakama ya Umoja wa Ulaya ilikwisha kusema, katika hukumu ya Desemba 2014, kwamba kamera ya nyumbani inayotazama pia barabara ya umma imetoka nje ya mambo ya nyumbani. Hukumu ile haikuhusu yaya, wala haitufungi sisi Waganda, lakini inaonyesha kwamba maneno "nyumba yangu" yana mpaka.

Katika Shirika la Kazi la Kimataifa kuna maandishi mawili ambayo kila mwakilishi wa tawi anapaswa kuyajua. La kwanza ni Mkataba Namba 189 wa mwaka 2011 juu ya wafanyakazi wa nyumbani, unaosema kwamba anayeishi katika nyumba ya mwajiri apewe makao yenye staha yanayoheshimu faragha yake. Pendekezo Namba 201 linaloambatana nao linataja chumba cha peke yake, chenye kufuli, na ufunguo wake apewe mfanyakazi. La pili ni mwongozo wa mwaka 1996 juu ya taarifa binafsi za wafanyakazi. Huo unasema mfanyakazi aambiwe mapema kwamba anachunguzwa, kwa nini, saa zipi na kwa njia gani. Uchunguzi wa siri uruhusiwe tu pale sheria ya nchi inapouruhusu au penye sababu za haki za kushuku uhalifu au kosa zito. Mwongozo si sheria, lakini ukiuweka mezani mbele ya mwajiri mwenye kuona haya, unafanya kazi.

KESI YA WAFANYAKAZI WA DUKA, HISPANIA

Wenzetu wa madukani na hotelini yafaa waijue kesi moja, kwa kuwa ilituumiza na ina mafunzo. Mwaka 2009 katika duka kubwa moja karibu na Barcelona, meneja aliona mali inapungua kuliko hesabu. Akaweka kamera za aina mbili. Za wazi aliziweka milangoni, akawaambia wafanyakazi. Za siri alizielekeza kwenye meza za kulipia, akanyamaza. Baada ya siku 10 wafanyakazi 14 walifukuzwa kazi kwa wizi. Watano kati yao walikwenda hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mwezi wa Januari 2018 majaji walisema haki yao ya faragha ilivunjwa. Mwajiri asherehekee baadaye: Oktoba 2019, Baraza Kuu la mahakama ileile lilitengua, kwa kura 14 dhidi ya 3, likasema haki haikuvunjwa.

Wengi wakisikia hivyo husema tumeshindwa. Twashauri msome sababu. Majaji walitazama kwamba shaka ilikuwa ya kweli na hasara kubwa, kwamba kamera zilielekezwa mahali palipo wazi kwa umma, kwamba zilidumu siku chache, na kwamba picha zilionwa na watu wachache. Wakasema pia kwamba faragha ya mtu ni kubwa sana katika pahali kama choo na chumba cha kubadilishia nguo, na kwamba shaka ndogo tu haitoshi kuhalalisha kamera za siri. Ukiipima chaja ya mama yetu kwa mizani hiyo, haipiti hata hatua moja. Hakukuwa na shaka, pahali ni chumba cha kulala, siku hazina hesabu, na waliozitazama picha hatujui ni nani.

PICHA INAKWENDA WAPI

Hilo la mwisho ndilo lililomtisha mama kuliko yote. Alisema, "Bwana akiniona ni aibu. Lakini je, na rafiki zake?" Hofu yake ina msingi. Picha inayopita katika intaneti haikai katika simu ya tajiri peke yake; huwekwa katika mitambo ya kampuni iliyouza kamera, ng'ambo huko. Mwezi wa Mei 2023 serikali ya Marekani iliishtaki kampuni ya Ring, mali ya Amazon, ikisema kwamba watumishi wake walikuwa wakitazama picha za wateja, hata za vyumba vya kulala na bafu, na kwamba mmoja alitazama maelfu ya picha za wanawake. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5.8 kumaliza shauri. Ona basi, ndugu msomaji, tajiri anayemchunguza yaya wake huenda yeye na mkewe nao wanachunguzwa.

Korea ya Kusini wamekwenda mbali zaidi. Machi 2019 polisi wa nchi hiyo walitangaza kwamba wageni wapatao 1,600 walipigwa picha kwa siri katika vyumba 42 vya nyumba za wageni, katika miji 10, na picha kuuzwa kupitia mtandao. Kamera zilikuwa katika visanduku vya televisheni, katika soketi za ukutani na katika kishikio cha mashine ya kukaushia nywele. Wenzetu wanaotandika vitanda hotelini walitazame hilo kwa macho mawili: siku kamera ikigunduliwa chumbani, wa kwanza kuulizwa atakuwa aliyefagia chumba. Ukiona kitu kigeni, mwite msimamizi na mtu wa pili palepale, na iandikwe kitabuni.

JINSI YA KUTAZAMA

Mtu hahitaji mashine kuanza. Simama mahali unapovulia nguo na unapolala, kisha uulize: kitu gani humu chumbani kinanitazama mimi, na kinahitaji umeme? Saa ambayo haikuwapo mwezi uliopita, chaja ambayo hakuna anayeitumia, kitambua moshi katika nyumba ambayo vyumba vingine havina. Hivyo ndivyo vya kuanzia.

Usiku zima taa, shika tochi karibu na jicho lako, umulike polepole. Kioo cha kamera, hata kiwe kidogo, hurudisha nukta ya mwanga inayong'aa tofauti na plastiki. Kisha tumia kamera ya simu katika giza hilohilo kutafuta ule mwanga wa infraredi. Kwanza ijaribu simu yako: ielekeze kwenye rimoti ya televisheni, bonyeza kitufe. Ukiona taa ya rimoti ikimweta katika kioo cha simu, simu hiyo yafaa. Mara nyingi kamera ya mbele ya simu huona vizuri kuliko ile ya nyuma. Wanaouza vile vidude vya kupiga mlio vinapokaribia kamera husifu mno bidhaa yao. Vidude hivyo hunasa mawimbi ya redio, na kamera inayoandika katika kadi bila kurusha chochote haitoi mawimbi ya kunaswa. Usitupe fedha yako.

Ukiikuta, usiivunje wala usiiondoe. Hapa mama yetu alikosea, nasi tulimwambia hivyo kwa upole. Chaja ile ni mali ya tajiri, na mfanyakazi aliyeichukua aweza kushtakiwa wizi, kesi ikageuka kichwa chini. Ifunike kwa kitambaa. Ipige picha pale ilipo, ionekane na kitanda kilipo. Andika siku na saa. Mwambie mtu wa pili. Kisha njoo kwa katibu wa tawi lako kabla ya kugombana na mwenye nyumba.

Na wale mnaojiandaa kwenda Ghuba, neno moja. Katika Falme za Kiarabu sheria ya mwaka 2021 juu ya makosa ya mtandao inafanya kumpiga mtu picha pahali pa faragha bila ridhaa yake kuwa kosa la jinai. Sheria hiyo yaweza kumshika tajiri, lakini yaweza kukushika na wewe uliyetoa simu kumrekodi anapokutukana. Ushahidi wako uwe ni maandishi, tarehe, na mtu uliyemwambia.

KAMERA NAYO HUWEZA KUSHUHUDIA UPANDE WETU

Hili tulichelewa kuliona. Kamera iliyo wazi sebuleni haichagui upande. Inaonyesha saa mfanyakazi alipoamka na saa alipolala. Inaonyesha nani aliingia chumbani siku fedha zilipopotea. Mwanachama wetu mwingine alisingiziwa wizi wa fedha katika nyumba yenye kamera koridoni. Tulipoandika barua kuomba picha za siku ile, tukaambiwa zimekwisha kufutika. Huenda ni kweli, maana tulichelewa wiki tatu, na kadi hujiandika upya. Tangu hapo tumejifunza kuandika barua siku ileile, tukiomba kwanza picha zihifadhiwe, kisha zionwe.

Kwa hiyo msimamo ambao kamati ilikubaliana, baada ya ubishi wote ule, si wa kukataa kila kamera. Kamera ya sebuleni, jikoni au chumba cha michezo ya watoto, mfanyakazi akiwa ameambiwa na ikaandikwa katika mkataba, tunaikubali. Ya chumba anacholala mfanyakazi, ya bafuni na chooni, hatuikubali kwa sababu yoyote, na kama watoto wanalala naye basi tajiri amtafutie chumba chake, asitumie watoto kama kisingizio. Ya siri kabisa, iwe tu kwa shaka ya jambo zito, kwa siku chache, na kinachoonekana kipelekwe polisi, kisipelekwe kwa majirani wala katika mtandao. Wajumbe wawili walipiga kura ya kupinga hata hiyo ya siri, na tumeandika hivyo katika kumbukumbu za mkutano.

Mama tulimrudisha siku ileile, katibu wetu akiwa pamoja naye, chaja ikiwa mkononi mwa katibu. Tajiri alikasirika kwanza, kisha aliona haya mbele ya mkewe, ambaye, kumbe, hakujua kwamba kuna kamera chumbani humo. Mazungumzo yakawa ya wale wawili zaidi kuliko yetu. Picha zilifutwa katika simu na katika akaunti ya kampuni tukishuhudia, ingawa hatuna njia ya kujua kama kulikuwa na nakala nyingine. Kamera ya sebuleni ilibaki, ikaandikwa katika karatasi waliyotia sahihi wote wawili. Mama alipewa kitasa chenye ufunguo.

Alikaa pale miezi miwili, akaacha kazi kwa hiari yake. Alisema hakuna aliyemkosea tena, mshahara ulilipwa, watoto walimlilia. Lakini kila alipotaka kubadilisha nguo alijikuta anaizima taa kwanza, na akichomeka simu yake anaitazama chaja yake mwenyewe. Sasa ameajiriwa katika nyumba nyingine upande wa Ntinda, na siku alipokwenda kuzungumzia mshahara aliuliza swali la kamera kabla ya swali la fedha. Wanachama wanaotaka nakala ya ile karatasi ya makubaliano, ili waitumie kwa waajiri wao, wamwone katibu wa tawi. Ipo kwa Kiswahili, Kiganda na Kiingereza, na hailipiwi.